Siku Gari Lilipogoma Ulaya

Je, mama msomaji, umewahi kukaa kwenye kiti cha nyuma cha gari lililogoma kuwaka, umempakata mtoto, huku wanaume wamezunguka boneti na kila mmoja anasema lake? Wa kwanza husema ni betri. Wa pili husema ni stata. Wa tatu, ambaye ni mpita njia tu, husema lisukumwe. Nasi akina mama hukaa kimya, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba habari za gari hazituhusu.

Sisi nasi tulikuwa hivyo hivyo, mpaka siku moja ya mwezi Machi mwaka 2018 tulipokwama Ulaya. Usishtuke. Ulaya tunayoisema haina theluji wala ndege za kwenda huko. Ni kijiji katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, kwenye njia inayotoka Mikumi kwenda Kilosa mjini. Tulichojifunza siku ile tungependa kila mama mwenye safari akijue.

Safari ya alfajiri

Tulikuwa akina mama sita wa kanisa moja la Morogoro mjini. Wawili kati yetu ni wauguzi, mmoja mwalimu, mmoja fundi cherehani, mmoja mhazini wa kikundi, na wa sita ni mama mkwe wa mwalimu, ambaye hakubali kuachwa nyuma safari yoyote inapotajwa. Dereva wetu alikuwa mzee mpole tunayemwita Baba, kwa sababu umri wake ni wa baba zetu. Gari lilikuwa la kanisa, la dizeli, lenye viti tisa, nalo lilikuwa limekula chumvi nyingi. Tulibeba kipimo cha presha, mizani ya kupimia watoto, vyandarua na ndoo ya maandazi. Tulisali, tukaondoka.

Jua lilituchomozea tukiwa Doma. Baada ya hapo barabara kuu iendayo Iringa na Zambia inaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kuikata kwa umbali wa kilomita zipatazo 50. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,230. Jina lake limetokana na mti, mkumi, ambao watu wa pwani huuita mvumo. Asubuhi ile tuliona pundamilia, swala wengi, nyati waliolala kama mawe meusi, na twiga saba ambao mama mkwe aliwahesabu kwa sauti ili mtu asimpunje hata mmoja.

“Baba,” aliuliza mama mkwe, “gari likizimika hapa tutafanyaje?”

“Humu hakuna kushuka, mama,” alijibu Baba. “Mnafunga vioo, mnawasha taa za hatari, mnasubiri gari jingine au askari wa hifadhi. Simba hatawauliza kama betri ni mpya.”

Tulicheka sote. Mhazini peke yake hakucheka, kwa kuwa neno betri lilikuwa bado linamuuma. Wiki tatu kabla ya safari, gari lile lilikuwa limegoma kuwaka kanisani. Fundi mmoja akaitwa, akafungua boneti, akatazama kidogo, akasema betri imekufa. Tulinunua betri mpya kwa Sh 180,000. Fedha hizo tulizipata kwa kuuza maandazi na vitambaa vya mezani miezi mitano, nazo zilikuwa za kununulia shuka za wodi ya wazazi. Betri ikafungwa, gari likawaka, fundi akalipwa, shuka zikasubiri.

Tulisimama Mikumi mjini kunywa chai. Tuliporudi garini, Baba alizungusha ufunguo. Tukasikia sauti moja tu: tak. Akajaribu tena: tak. Akashuka, akafungua boneti, akafanya jambo ambalo hatukuliona, akarudi. Safari hii injini ikanguruma.

“Kuna nini, Baba?” aliuliza mhazini.

“Ni kawaida yake,” alisema Baba, bila kumtazama.

Wauguzi tulilisikia jibu lile tukalipita. Laiti mama mjamzito angetuambia kuumwa kichwa ni kawaida yake, tusingemwacha aende nyumbani. Lakini hilo lilikuwa gari, nasi hatukuwa tumezoea kulisikiliza.

Mchana wetu Ulaya

Kutoka Mikumi tulikata kulia kuelekea kaskazini. Kati ya Mikumi na Kilosa ni zaidi ya kilomita 70, na wakati ule njia ilikuwa ya udongo. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na gari lilirukaruka juu ya makorongo madogo mpaka mafuta ya kichwani yakahamia kwenye dari. Upande wa kushoto milima ya Usagara ilikuwa imejifunika mawingu. Kandokando kulikuwa na mahindi mabichi, ufuta, na watoto waliopunga mikono kama ilivyo desturi.

Tulipofika, mwalimu alimpigia simu mumewe. “Tumefika Ulaya,” alisema. Mume akamjibu, “Nunua koti, huko kuna baridi.” Jua lilikuwa kali kiasi cha kuanika mihogo.

Wenyeji walitupokea vizuri, tukaketi chini ya mwembe. Watu wa Kilosa ni mchanganyiko. Wapo Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, wapo wafugaji wa Kimasai, na wapo wajukuu wa watu waliokuja kutoka mbali kukata mkonge, kwa kuwa wilaya hii ilikuwa na mashamba makubwa ya mkonge tangu enzi za Wajerumani. Tulipima presha, tukapima uzito wa watoto, tukazungumza juu ya uji wenye karanga na juu ya dalili za hatari kwa mjamzito.

Saa tisa alasiri aliletwa binti wa miaka kama 20, mwenye mimba yake ya kwanza ya miezi minane. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa siku mbili. Alisema anaona vimulimuli mbele ya macho. Uso ulikuwa umevimba. Tulipompima, presha ilikuwa 160 kwa 110. Tulipumzika kidogo tukapima tena, ikawa ile ile.

Mama msomaji, dalili hizo hazisubiri kesho. Ni dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia, nacho huweza kumwondoa mama na mtoto kwa pamoja. Mhudumu wa zahanati alimpa dawa ya kwanza ya kuzuia degedege, akasema ni lazima afike hospitali mjini Kilosa jioni ile ile. Usafiri haukuwepo.

“Gari letu lipo,” tulisema, na ndani yake mlikuwa na kiburi kidogo.

Mama mkwe wa binti alikuja na beseni na vitenge. Mume wake, kijana mwembamba, alipanda na jogoo mkononi kwa ajili yetu. Binti alilazwa kwa ubavu wa kushoto kwenye kiti kirefu. Baba akazungusha ufunguo.

Tak.

Akarudia. Tak. Akashuka, akafungua boneti, akarudi. Tak. Wanaume wa kijiji wakasogea. Mmoja akasema betri. Mwingine akasema stata. Wa tatu akaanza kuita vijana waje kusukuma, ingawa mbele yetu kulikuwa na tope na mteremko wa kuelekea mtaroni. Wingu jeusi lilikuwa linakuja kutoka milimani, na binti akaanza kutapika.

Tunachukua historia

Hapo muuguzi mmoja wetu alibaki na mgonjwa, na mwingine akashuka. Akasema kwa heshima, “Baba, tunaomba dakika tano. Hatujui gari, lakini tunajua mgonjwa. Tuulize kwanza kabla ya kutibu.”

Baba alipangusa mikono, akakubali. Tukauliza kama tunavyouliza kliniki. Ugonjwa ulianza lini? Alisema kabla ya ile betri mpya. Ulipona baada ya betri mpya? Alisema ulipungua siku chache, ukarudi. Ni kila mara au mara moja moja? Mara moja moja, hasa baada ya njia mbaya. Likishawaka, huzimika lenyewe? Hapana, likishawaka linakwenda hata Dodoma.

“Na Mikumi asubuhi, Baba, ulifanya nini pale mbele?”

Alinyamaza. Kisha akasema polepole, “Nilikigonga kichwa cha betri kwa spana. Nikikigonga huwa linawaka.”

“Mbona hukutuambia?”

“Niliogopa, mwanangu. Watasema gari limezeeka na dereva wake amezeeka. Wataliuza, nami watanipumzisha.”

Tulimwonea huruma, na papo hapo tulijiona sisi wenyewe. Ni akina mama wangapi huficha uvimbe titini kwa kuogopa kuachwa? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo maneno yale ya Baba yalikuwa nusu ya tiba, maana gari linaloamka kwa kugongwa kichwa cha betri linaonyesha kwa kidole mahali linapoumwa.

Tulifanya uchunguzi sasa. Mwalimu alisimama mbele ya gari atazame taa. Baba akawasha taa kubwa bila kuwasha injini. “Zinang’aa sana!” mwalimu akapaza sauti. Baba akazungusha ufunguo. “Zimezimika kabisa!” Akaachia ufunguo. “Zimerudi!”

Hili lilitushangaza, lakini lilikuwa na maana. Kama betri ingekuwa imekufa, taa zingekuwa hafifu tangu mwanzo. Zilikuwa kali, kwa hiyo umeme ulikuwepo. Ulichokosa ni njia ya kupita. Taa mbili kubwa hutumia kiasi cha ampea tisa au kumi tu, lakini stata hudai ampea zaidi ya 100, na ya gari la dizeli hudai nyingi zaidi. Mlango mwembamba unaweza kupitisha mgeni mmoja mmoja siku nzima, ila umati wa harusi ukija kwa pamoja utakwama hapo hapo.

Kisha tukashika, kama tunavyoshika paji la uso la mtoto. Baba alikwisha kujaribu ufunguo mara nyingi. Kishikio cha waya upande wa chanya kilikuwa cha moto, na cha upande wa hasi kilikuwa baridi. Mahali umeme unapopenya kwa shida ndipo panapochemka. Tulitazama kwa karibu tukaona chini ya kishikio ukoko mweupe wenye ukijani, kama chumvi iliyoganda mdomoni mwa mtungi. Kikitikiswa kwa mkono, kilicheza.

Mhazini alitazama kwa muda mrefu. “Kwa hiyo,” alisema, “betri mpya ilifungwa juu ya uchafu wa zamani?” Hakuna aliyemjibu.

Magadi ya maharage

Spana ya Baba ilikuwa kubwa mno. Kijana mmoja anayeziba pancha za baiskeli na pikipiki alikimbia kuleta spana namba 10 na kipande cha msasa anachosugulia mipira ya ndani. “Shikamooni mama zangu,” alisema, “kazi hii ndogo.” Alitufundisha jambo ambalo hatulisahau. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na hufungwa mwisho, kwa sababu spana ikigusa bodi la gari wakati inafungua chanya, cheche zitaruka. Na betri hutoa hewa inayoshika moto, kwa hiyo sigara na kibatari vikae mbali. Mzee mmoja aliyekuwa anavuta akaizima sigara yake bila kuambiwa mara ya pili.

Ukoko ule ni chumvi ya tindikali. Sisi wauguzi tulijua kwamba tindikali hupozwa kwa kitu kama magadi. “Magadi yapo,” alisema mama mmoja wa jirani, “nimeweka maharage jikoni.” Alileta kiganja cha magadi, tukayakoroga kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, tukamwagia vishikio vyote viwili. Mapovu yakafoka kama sufuria la uji. Tulihakikisha vifuniko vya betri vimefungwa vizuri, maana maji ya magadi yakiingia ndani yataharibu betri yenyewe. Mapovu yalipotulia tulisuuza kwa maji safi, tukakausha, kijana akasugua mpaka risasi ikang’aa ndani na nje, kisha akafunga na kukaza mpaka kishikio hakitikisiki tena.

Mama mkwe wa mwalimu alikuwa ameharakisha kupangusa ukoko kwa ncha ya khanga yake kabla ya magadi kufika. Alipoifua nyumbani siku ya tatu, ilikuwa na matundu kama chujio. Tindikali ya betri hula nguo, na hula ngozi na macho pia. Ikiruka jichoni, osha mara moja kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 15, halafu nenda hospitali. Usisugue.

Baba alipanda. Hatukusema neno. Akazungusha ufunguo. Gwi-gwi-gwi, na injini ikaitika kwa nguvu ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mwaka uliopita. Akina mama wa Ulaya wakapiga vigelegele. Tangu tulipoanza kuuliza maswali mpaka injini kuwaka zilipita kama dakika 25. Mvua ikaanza tukiwa tunatoka kijijini.

Kilosa usiku na asubuhi

Tulifika Kilosa giza limeingia. Presha ya binti tulikuwa tunaipima njiani kila baada ya muda, huku mume wake amemshika mkono na jogoo amelala miguuni petu. Hospitalini walimpokea haraka. Usiku ule ule alifanyiwa upasuaji.

Asubuhi tulikwenda kumtazama. Alikuwa amechoka, presha imeanza kushuka. Mtoto wa kike wa kilo moja na gramu 900 alikuwa amefungwa kifuani pa bibi yake, ngozi kwa ngozi, apate joto. Bibi alitutazama akasema, “Mlichelewa kidogo kule kwa ajili ya gari.” Tulisema ndiyo. Hatukumweleza zaidi, lakini tulijiuliza moyoni. Kama tungemuuliza Baba yale maswali pale Mikumi, wakati wa chai, tusingempotezea binti yake hata dakika moja.

Kilosa ni mji wa kando ya mto Mkondoa, nao unajua gharama ya kupuuza dalili ndogo. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto huo ulifurika, maji yakaingia majumbani, familia nyingi zikaishi kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika. Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ikafika Kigoma mwaka 1914. Siku hizi, tangu mwaka 2024, treni za umeme za kwenda Dodoma zinapita kwenye mahandaki yaliyochongwa katika milima ya Kilosa, na mgonjwa wa kwenda hospitali kubwa ana njia nyingine.

Asubuhi ile tulimpeleka Baba na gari kwa fundi mmoja mzee. Alipima betri kwa kipimo kabla ya kuwasha, ikasoma volti 12.6, yaani imejaa. Akawasha, ikasoma 14.1, yaani oltaneta inachaji sawasawa. “Betri yenu haina ugonjwa,” alisema. “Na huenda hata ile ya zamani haikuwa nao.” Mhazini alikwenda kusimama nje kidogo.

Fundi huyo alitupa mfano wa nyumbani. Kutoka Kilosa kuna tawi la reli lililopita Mikumi mpaka Kidatu, ambako linakutana na TAZARA. Reli ya kati ina upana wa milimita 1,000, na TAZARA milimita 1,067. Reli zote mbili ni imara, lakini kwa tofauti ya milimita 67 behewa la huku haliwezi kupita kule, mpaka mzigo uhamishwe. “Umeme ni hivyo hivyo,” alisema. “Betri nzima, stata nzima, lakini pale vinapokutana pana ukoko wa unene wa ukucha, na safari imekwisha.”

Sauti tatu za gari lililogoma

Tulimwomba atueleze kama anayefundisha watoto wa shule, nasi tuliandika kwenye daftari la kliniki. Alisema gari lisilowaka lina sauti tatu, na mtu akizijua hawezi kudanganywa kirahisi.

Ya kwanza ni ukimya. Ukizungusha ufunguo husikii kitu. Tazama taa za dashibodi. Kama hakuna hata moja, au ni hafifu, betri imeisha au waya umeachia. Kama taa ni kali na bado kimya, angalia gia. Gari la gia za otomatiki haliwaki kama mkono wa gia hauko kwenye P au N, na akina mama wengi wamelala njiani kwa sababu ya hilo tu. Baada ya hapo ndipo huangaliwa fyuzi, swichi ya ufunguo na stata.

Ya pili ni tak. Tak-tak-tak ya haraka na taa zinazofifia mara nyingi ni betri dhaifu. Tak moja, taa zikizimika kabisa kisha zikarudi, ni vishikio vibovu au waya wa ethi unaokwenda kwenye bodi. Tak moja huku taa zikibaki kali, shuku stata yenyewe.

Ya tatu ni gwi-gwi-gwi bila kuwaka. Hapo betri na stata vimekwisha kusema sisi hatumo, basi usikubali kununua betri. Tafuta mafuta na hewa, na kwa gari la petroli tafuta pia cheche kwenye plagi. Anza na tangi, kwa kuwa mshale wa mafuta husema uongo katika magari mengi ya zamani. Kwa dizeli, hewa ikiingia kwenye mabomba baada ya mafuta kwisha, injini haitawaka mpaka hewa hiyo itolewe, na maji kwenye chujio la dizeli ni adui mkubwa.

Hapa nasi tuliongeza neno la hospitali. Usimruhusu mtu, hasa kijana wako, kunyonya petroli au dizeli kwa mdomo kupitia mpira. Ikimwingia mapafuni humletea nimonia kali. Akimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa kwa matumaini. Mpeleke hospitali.

Na kusukuma? Gari la gia za mkono huwaka kwa kusukumwa, na linaweza kukuokoa. Lakini kulisukuma kila siku ni sawa na kumpa mgonjwa panado kila siku bila kumpima. Maumivu hupungua, ugonjwa unaendelea kukua mahali usipouona.

Turudi nyumbani

Tulirudi Morogoro kwa njia ile ile. Tukiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi tuliwaona tembo watatu karibu na barabara. Baba alipunguza mwendo, tukawatazama bila hofu. Tulimweleza kwamba hakuna atakayempumzisha kwa kusema kweli, ila tutamlaumu akificha. Tangu siku hiyo kila Jumamosi, kabla ya kuosha gari, yeye na mmoja wetu hufungua boneti. Tunatazama maji ya rejeta injini ikiwa imepoa, mafuta ya injini, mkanda wa feni, na vishikio vya betri, ambavyo tunavipaka grisi kidogo baada ya kuvikaza. Haichukui robo saa.

Ndani ya gari sasa kuna mfuko mdogo ulioshonwa na fundi wetu cherehani. Una spana namba 10, msasa, tochi, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, chupa ya maji, na magadi kwenye kopo la dawa. Juu ya kopo tumeandika MAGADI, mtu asije akadhani ni chumvi ya mayai.

Shuka za wodi ya wazazi tulizinunua mwezi Septemba, baada ya miezi mingine ya maandazi. Tunaposema zilichelewa kwa sababu ya fundi, mhazini hutukatiza. Anasema, “Alitwambia betri, nasi tulimlipa bila kumuuliza hata swali moja.”

Basi mama msomaji, gari likigoma siku nyingine, usikae nyuma kimya. Shuka. Uliza lilianza lini, lilitibiwa nini, na linafanya sauti gani. Mwambie mtu asimame mbele atazame taa. Na kama nyumbani kwako kuna gari au pikipiki, mwombe baba watoto jioni ya leo akufungulie boneti na kukuonyesha betri ilipo, kabla haijawa usiku na mtoto ana homa.